Mmeelewana nje, kesi bado iko mahakamani: mwongozo kamili wa kuimaliza kwa maridhiano

Mdaiwa amepiga simu, mmekaa, amelipa sehemu ya deni na kuahidi iliyobaki. Mmepeana mikono. Mdai anasema, "Basi Jumatatu nakwenda kuifuta kesi." Hapo ndipo ninapomwomba aketi tena. Watu wanaweza kupatana vizuri kabisa halafu shauri likaondolewa vibaya, na mdai akabaki hana pesa wala haki ya kurudi kuzidai.

Mwongozo huu ni wa mashauri ya madai Tanzania Bara yanayoendeshwa chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, yaani katika Mahakama za Wilaya, za Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Zanzibar ina sheria yake. Mahakama ya Mwanzo nayo ina kanuni zake za tangu 1964. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yana kanuni za mwaka 2003, na pale zinaponyamaza hukopa kutoka Sura ya 33. Wasomaji wa Kenya wana sehemu yao mwishoni, kwa sababu huko utaratibu unatofautiana na wetu katika jambo moja kubwa.

Kwanza, jua unapita mlango upi

Kila kitu kiko ndani ya Amri ya XXIII, yaani mojawapo ya sehemu zenye kanuni za sheria hiyo. Ni fupi, haifiki hata kurasa mbili, na inafaa kusomwa yote.

Kanuni ya 1 inamhusu mdai peke yake. Anaweza kuliondoa shauri wakati wowote baada ya kulifungua, dhidi ya wadaiwa wote au mmoja wao, au akaachia sehemu tu ya madai. Hahitaji saini ya mdaiwa. Lakini akiliondoa bila ruhusa ya kufungua upya, yanampata mambo mawili: mahakama inaweza kumbebesha gharama, na hawezi tena kufungua shauri jipya kuhusu jambo lilelile. Ruhusa ya kurudi nayo haipatikani kwa kuiomba tu. Mahakama lazima iridhike kwamba shauri lina kasoro ya kiutaratibu itakayoliangusha, au kuna sababu nyingine ya kutosha. "Tumeelewana lakini simwamini sana" si sababu ya namna hiyo.

Kanuni ya 3 inahusu maridhiano. Ikithibitika mbele ya mahakama kwamba wadaawa (mdai na mdaiwa) wamemaliza mgogoro wao, wote au sehemu, kwa makubaliano halali, au kwamba mdaiwa ameshamridhisha mdai, mahakama itaagiza makubaliano hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu na itatoa tuzo, yaani amri yake ya mwisho, inayoyafuata. Tuzo hiyo ina nguvu ileile kama hakimu angesikiliza mashahidi kumi na kuandika hukumu, na inaweza kukazwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama.

Mdai ambaye bado anadai hata shilingi moja apite Kanuni ya 3. Kanuni ya 1 imfae yule aliyekwisha kulipwa chote, au aliyeona kwamba shauri lake halina mashiko.

Katikati ya hizo mbili kuna Kanuni ya 2, ambayo wengi huiruka. Inasema hata ukiruhusiwa kufungua upya, ukomo wa muda unahesabiwa kana kwamba shauri la kwanza halikuwahi kufunguliwa. Tuchukue mfano. Mkataba ulivunjwa Machi 2019. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo mwisho ni Machi 2025. Mdai alifungua shauri 2024, akiwa ndani ya muda. Agosti 2025 anaahidiwa malipo, analiondoa shauri "kwa ruhusa ya kufungua upya", na anatoka mahakamani ametulia. Mdaiwa asipolipa, ruhusa ile haimsaidii kitu, maana muda ulikwisha miezi mitano kabla ya kuliondoa. Kuna nafuu ndogo katika Sheria ya Ukomo pale shauri la kwanza lilipofunguliwa kwa nia njema katika mahakama isiyo na mamlaka, na deni likikiriwa kwa maandishi yaliyosainiwa kabla muda haujaisha, hesabu huanza upya. Usijenge nyumba juu ya nafuu hizo. Ukomo wa madhara (ajali, kashfa na mengine ya aina hiyo) ni miaka 3 tu, na wa kudai ardhi ni miaka 12; hesabu tarehe zako kabla ya kuandika barua yoyote.

Pili, nani wa kusaini

Orodhesha kila jina lililo kwenye hati ya madai. Kama wadai ni zaidi ya mmoja, mmoja hawezi kuruhusiwa kuliondoa shauri bila ridhaa ya wenzake. Hili hutokea sana kwenye kesi za ndugu: kaka mkubwa anapatana na mnunuzi wa shamba, wadogo zake wanasikia habari kutoka kwa karani.

Wadaiwa wakiwa wengi unaweza kupatana na mmoja na kuendelea na waliobaki, ila hati iseme hivyo waziwazi, na iseme kama alicholipa huyu kinapunguza deni la wenzake.

Kampuni isaini kupitia mtu mwenye azimio la bodi. Halmashauri au taasisi ya umma usitosheke na saini ya mkurugenzi. Ulizia msimamo wa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, kwa kuwa ndiyo inayosimamia mashauri ya madai ya Serikali. Msimamizi wa mirathi aambatanishe barua yake ya usimamizi. Anayemwakilisha mtoto mahakamani hawezi kuridhia kwa niaba yake mpaka mahakama yenyewe itoe ruhusa. Makubaliano yaliyoruka hatua hiyo yanaweza kutenguliwa. Na kama mnapatana kuhusu nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa inataka ridhaa ya mwenzi ambaye huenda hata si sehemu ya kesi. Mwite, asaini.

Mawakili wanaweza kusaini kwa niaba ya wateja wao, lakini mimi husisitiza mteja mwenyewe asaini na wakili ashuhudie. Anayekuja kulalamika baadaye kwamba "wakili wangu alikubali bila kuniuliza" ni yule ambaye saini yake haimo.

Tatu, kagua yanayoning'inia kwenye jalada

Shauri likifika mwaka wa pili, mara nyingi limeshazaa watoto. Pitia jalada lote, na angalia hasa haya.

Madai kinzani. Kama mdaiwa naye alikudai ndani ya shauri hilohilo, kuondoa hati yako ya madai hakuyaui madai yake. Yanaweza kuendelea peke yake. Hati iseme kwamba nayo yamemalizwa.

Amri za muda. Zuio la muda hufa pamoja na shauri. Kama ulikuwa umezuia kiwanja kisiuzwe, siku shauri linapoondolewa mwenzako yuko huru kukiuza. Kwa mdaiwa ni kinyume chake: zuio lililosajiliwa kwenye daftari la ardhi halijiondoi lenyewe, kwa hiyo andikeni nani ataliondoa na ifikapo lini.

Dhamana na fedha. Kama kuna hati ya kiwanja, kadi ya gari au fedha zilizowekwa mahakamani, tuzo iagize zirudishwe kwa nani. Bila amri karani hatakupa, na hana kosa.

Kisha kuna suala la polisi. Kama mgogoro wenu ulianzia kituoni, kesi ya jinai ni ya Jamhuri na haimo mikononi mwenu. Kifungu cha "mdai ataondoa malalamiko polisi akishalipwa" kisionekane ndani ya hati. Kanuni ya 3 inatambua makubaliano halali tu, na kununua ukimya juu ya kosa la jinai si halali.

Nne, andikeni hati ya maridhiano

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo andikeni kwa Kiswahili. Mdaiwa aliyesaini hati katika lugha anayoongea na watoto wake nyumbani atapata tabu kusema hakuielewa.

Kichwa cha hati kinafuata kichwa cha shauri: jina la mahakama, namba ya shauri, majina ya wadaawa kama yalivyo kwenye hati ya madai, hata herufi zikiwa zimekosewa (kosa la jina hurekebishwa kwa maombi, halirekebishwi kimyakimya). Kisha masharti. Tuseme muuza mbao anamdai fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, Sh. 48,000,000. Kiini cha hati yao kingeweza kuwa hivi:

1. Mdaiwa anakiri kudaiwa na Mdai Sh. 48,000,000 zitokanazo na mkataba wa mauziano ya mbao uliotajwa kwenye aya ya 4 ya hati ya madai.
2. Mdaiwa amelipa Sh. 18,000,000 siku ya kusaini hati hii kupitia akaunti ya Mdai namba …, na Mdai anakiri kuzipokea.
3. Salio la Sh. 30,000,000 litalipwa kwa awamu tatu za Sh. 10,000,000 kila moja, kupitia akaunti hiyohiyo, kabla au ifikapo tarehe 30 Juni, 31 Julai na 31 Agosti 2026.
4. Awamu yoyote ikipita siku 7 bila kulipwa kikamilifu, salio lote litakuwa limeiva papo hapo na Mdai atakuwa huru kukaza tuzo bila kufungua shauri jipya.
5. Maridhiano haya yanamaliza madai yote yaliyomo katika shauri hili, pamoja na madai kinzani.
6. Kila upande utabeba gharama zake za shauri.
7. Wadaawa wanaiomba Mahakama iiandikishe hati hii na itoe tuzo kwa mujibu wa masharti yake.

Angalia namba 1. Wadaiwa wengi hawapendi neno "anakiri" na watakuomba liwe "bila kukiri dai". Kama wanalipa chote siku hiyo, waachie. Kama kuna awamu, shikilia hapo hapo, kwa sababu deni lililokiriwa halina mjadala tena.

Namba 4 ndiyo moyo wa hati. Bila hiyo, mdaiwa akikosa Juni unaweza kudai Juni tu, kisha unasubiri Julai, kisha Agosti.

Namba 6 watu huisahau kwa furaha ya kupatana. Gharama zisipotajwa zinabaki mikononi mwa mahakama, na upande uliopewa una siku 60 za kuwasilisha mchanganuo wake. Nimeona maridhiano mazuri yakiingia ugomvi mpya juu ya nauli za mawakili.

Jambo jingine la uandishi: tuzo hutolewa kwa yale yanayohusu shauri. Mkiongeza humo kwamba mdaiwa pia atamwajiri mtoto wa mdai, au watagawana faida ya biashara nyingine kabisa, sehemu hiyo inabaki kuwa mkataba wa kawaida na ikivunjwa itabidi uifungulie shauri lake. Ya pembeni yawekeni kwenye mkataba wa pembeni.

Andikeni tarehe, si "baada ya mavuno" wala "akipata mkopo". Dalali wa mahakama hawezi kukamata mali kwa kuangalia kama mahindi yameiva.

Tano, wasilisheni na mfike siku ya shauri

Hati iliyosainiwa inapandishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri kupitia akaunti ya wakili au ya mdaawa mwenyewe, ndani ya namba ya shauri lilelile. Usifungue shauri dogo jipya kwa ajili yake. Hakikisha saini zote zinasomeka kwenye nakala iliyoskaniwa. Saini ya kalamu ya bluu iliyopigwa picha kwa simu gizani hurudishwa. Nakala ngumu njoo nazo siku hiyo.

Si lazima kungoja tarehe ya kusikilizwa. Kama shauri limepangiwa mbali, andikeni barua ya pamoja kuomba liitwe mapema kwa kutajwa, yaani kuitwa kwa muda mfupi bila kusikiliza mashahidi.

Siku yenyewe ni fupi. Shauri likiitwa, wakili wa mdai au mdai mwenyewe anasimama: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa kutajwa. Tunaiarifu Mahakama kwamba wadaawa wamemaliza mgogoro wao na wamewasilisha Hati ya Maridhiano. Tunaomba, chini ya Amri ya XXIII Kanuni ya 3, iandikishwe na itolewe tuzo kwa masharti yake." Upande wa pili unathibitisha. Hakimu makini haishii hapo. Atamgeukia mdaiwa: hii saini ni yako? Umeisoma hati? Kuna mtu amekulazimisha? Jibu kwa sauti, kwa sababu majibu hayo yanaandikwa kwenye mwenendo wa shauri, na ndiyo yatakayosomwa mtu akija kugeuka.

Sikiliza amri inavyotamkwa, na kama hukuielewa omba kwa adabu irudiwe. Unachotaka kusikia ni kwamba hati imeandikishwa kuwa sehemu ya tuzo na shauri limemalizika kwa masharti hayo. Ukisikia tu "shauri limeondolewa", umerudishwa kwenye Kanuni ya 1 bila kujua, na papo hapo ndipo pa kusema, si wiki ijayo. Mdaiwa naye awe macho kwa upande wake: aliyelipa chote asikubali shauri liondolewe kwa ruhusa ya kufungua upya.

Kama mlipatana mbele ya msuluhishi wa mahakama, ndani ya zile siku 30 za usuluhishi zilizowekwa na marekebisho ya mwaka 2019, njia ni fupi zaidi: makubaliano yanarudishwa kwenye mahakama na kuandikwa. Yaliyosemwa ndani ya chumba cha usuluhishi hubaki siri hata usuluhishi ukishindikana, kwa hiyo zungumza huko bila woga.

Sita, baada ya tuzo

Omba nakala ya tuzo iliyosainiwa na kugongwa muhuri siku hiyohiyo. Soma tarakimu zote. Kosa la uchapaji hurekebishwa kirahisi sasa kuliko baada ya mwaka.

Malipo yapite benki au kwa simu yenye kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kuna sababu ya kisheria juu ya hiyo: Amri ya XXI Kanuni ya 2 inataka malipo yanayofanyika nje ya mahakama baada ya tuzo yathibitishwe mahakamani. Yasipothibitishwa, mahakama inayokaza tuzo haiyatambui. Fundi samani wetu akilipa milioni 10 mkononi kwa muuza mbao, bila kuiarifu mahakama, anaweza kukutana na dalali anayedai milioni 30 kamili. Kila awamu ikilipwa, mdaiwa amwombe mdai aandike barua ya kuithibitisha kwenye jalada. Akikataa, mdaiwa mwenyewe anaruhusiwa kuipeleka taarifa kwa maombi.

Vivyo hivyo mkibadilisha masharti baadaye, tuseme mdaiwa ameugua na mmesogeza Agosti hadi Oktoba. Amri ya XXIII haihusiki tena na hatua ya kukaza hukumu. Mabadiliko hayo yapelekwe mahakamani kwa njia ileile ya Amri ya XXI.

Mdaiwa akivunja, mdai anaomba kukaza tuzo: kukamata mali, kushika fedha benki, na kwa masharti magumu zaidi, kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni. Tuzo ina uhai wa miaka 12 kukazwa. Rufaa dhidi ya tuzo ya maridhiano hairuhusiwi, na mahakama zetu zimeshikilia kwa muda mrefu, tangu enzi za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki na shauri la Brooke Bond Liebig (T) dhidi ya Mallya lililoripotiwa mwaka 1975, kwamba amri ya maridhiano hutenguliwa kwa sababu zinazoweza kuvunja mkataba: ulaghai, njama, upotoshaji, au ridhaa iliyotolewa bila kujua mambo ya msingi. Kujuta hakumo kwenye orodha.

Kwa aliye Kenya

Huko utaratibu uko kwenye Amri ya 25 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, na swali la kwanza ni kama shauri limepangiwa tarehe ya kusikilizwa. Kabla ya hapo, mdai anatoa notisi ya maandishi ya kusitisha na kuwafikishia wahusika wote, na kusitisha huko hakumzuii kufungua shauri jingine baadaye. Hii ndiyo tofauti kubwa na Tanzania, ambako mlango hujifunga isipokuwa umeombewa ruhusa. Shauri likishapangiwa tarehe, notisi haitoshi: inatakiwa ridhaa ya maandishi iliyosainiwa na wahusika wote, au ruhusa ya mahakama kwa masharti yake. Mahakama ya Rufaa iliyafafanua mazingira hayo matatu mwaka 2015 katika shauri la Beijing Industrial Designing & Researching Institute dhidi ya Lagoon Development.

Ridhaa ya maandishi huwasilishwa kwa njia ya mtandao, na msajili ana mamlaka ya kuingiza hukumu ambayo pande zote zimeikubali, kwa hiyo mara nyingi hamhitaji kusimama mbele ya jaji. Iandikeni kwa uangalifu uleule wa hati ya fundi wa Keko: nani analipa nini, lini, gharama za nani, na kama shauri linasitishwa tu au linamalizwa kwa hukumu ya ridhaa. Wakisitisha bila kutaja gharama, mdaiwa anaweza kumwandikia msajili na kupewa hukumu ya gharama, na mdai akifungua shauri jipya juu ya jambo lilelile bila kuzilipa, mahakama inaweza kulisimamisha hadi azilipe.